Ngazi au duara? Njia za kufika kileleni zikiwekwa bega kwa bega

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine halifiki likiwa wazi. Kwenye kicheni pati za Kisasa na Area D huja kwa mnong'ono, sherehe ikishakwisha na viti vinakusanywa: "Dada, hivi mimi nina tatizo?" Kliniki huletwa na mama aliyebaki nyuma baada ya mtoto kupimwa uzito: "Shoga yangu anasema yeye anafika kila mara. Mimi hata sijui wanazungumzia nini." Wanaume nao huuliza, ila wao huanzia kwenye dawa: "Nesi, kuna kidonge cha kunichelewesha?" Yote hayo ni swali moja. Watu wamesikia habari za vilele vya wenzao, wakavilinganisha na chao gizani, kisha wakajiona wana kasoro.

Mimi ni muuguzi hapahapa Dodoma, mwaka wa 22 sasa, na mabinti kadhaa wananiita somo. Ninayoandika ni kwa watu wazima walioridhiana, wote wawili, kulala pamoja. Nitaziweka njia bega kwa bega, nitasema ipi inamfaa nani, na ninapoegemea upande mmoja sitaficha.

Kabla ya tofauti, kinachofanana

Tuna majina mengi: mshindo, kufika kileleni, kufika Kibo, kupiga bao, kukojoa. Mwilini ni jambo moja. Damu hujaa sehemu za siri, moyo hukimbia, pumzi hufupika, kisha misuli ya nyonga hukaza na kuachia kwa mpigo usiozuilika. William Masters na Virginia Johnson wa Marekani waliupima mpigo huo maabara na kuchapisha matokeo yao mwaka 1966: mwanzoni huja kila baada ya sekunde 0.8 hivi, kwa mwanaume na kwa mwanamke vilevile. Ubongo humwaga homoni ya oksitosini, ileile inayosaidia maziwa kushuka mama anaponyonyesha, na baadaye homoni nyingine, prolaktini, hupanda na mwili hutulia.

Mwaka 1976 watafiti wengine wawili, Vance na Wagner, waliwaomba wanaume na wanawake waandike jinsi kilele kinavyohisiwa. Wakaondoa maneno yanayofichua jinsia ya mwandishi, kisha wakawapa madaktari wa wanawake, wanasaikolojia na wanafunzi wa udaktari wabashiri nani mwanaume na nani mwanamke. Walishindwa kubashiri. Huwa nawaeleza wanandoa habari hii mapema kabisa, kwa sababu wengi huja wakiamini mwenzao ni kiumbe wa aina nyingine. Raha yenyewe inafanana. Kinachotofautiana ni njia ya kuifikia, muda, marudio, na sura inayoonekana kwa nje.

Na sura hiyo hutofautiana sana. Yupo anayepiga kelele, yupo anayeuma mto, yupo anayecheka, yupo anayelia. Mume mmoja wa Nkuhungu alikaa miezi akiogopa kumgusa mkewe kwa sababu kila mke alipofika alitokwa na machozi; mume alidhani anamuumiza, kumbe mkewe alikuwa kwenye raha yake na aliona haya kueleza. Wengine kilele chao ni kidogo kama chafya, kikapita. Mtu huyohuyo mmoja, Jumamosi anaweza kupata wimbi la mwili mzima na Jumanne akapata mtetemo mdogo tu. Wapo pia wanaofika usingizini, wakaamka moyo unadunda na hawajaguswa na mtu. Hakuna kilicho pungufu kati ya hivyo.

Ramani mbili za safari

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu na wanandoa, kwa sababu ukibeba ramani isiyo yako utapotea hata njia ikiwa nzuri.

Ya kwanza naiita ngazi. Masters na Johnson waliigawa safari katika hatua nne: msisimko, kupanda hadi karibu na juu, kilele, na kushuka. Baadaye katika miaka ya 1970 Helen Singer Kaplan aliongeza hatua ya mwanzo kabisa, hamu. Kwa hiyo unatamani, unasisimka, unapanda, unafika, unashuka. Hata asiyewahi kusikia majina hayo huibeba ramani hii kichwani, kwa kuwa filamu na hadithi za vijiweni huenda hivyohivyo.

Ya pili naiita duara. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Canada aliandika kwamba wanawake wengi, hasa walio kwenye uhusiano wa miaka mingi, hawaanzi na hamu. Wanaanza wakiwa wametulia tu, ila wana sababu ya kumkaribia mwenzao: kutaka kukumbatiwa, kutaka kusogea baada ya wiki ngumu. Wakiguswa vizuri, mwili huamka, na hamu hufuata nyuma. Wakiridhika, sababu ya kukaribiana safari nyingine inaongezeka, na ndivyo duara linavyozunguka. Kufika kileleni kunaweza kuwemo, na kunaweza kukosekana bila duara kukatika.

Ngazi inawafaa wachumba wapya na waliooana karibuni. Inamfaa pia mtu ambaye hamu humjia yenyewe, awe mwanaume au mwanamke. Wanawake wa namna hiyo wapo wengi na hawana haja ya kuona haya. Ubaya wa ngazi ni kwamba siku hamu isipotokea mtu husema mapenzi yamekwisha. Nimeona ndoa za miaka saba zikipelekwa kwa wazee kwa sababu hiyo pekee.

Duara linawafaa wenye watoto wadogo, waliochoka, wanaonyonyesha, walio kwenye ndoa ndefu, na wanaume wengi waliovuka miaka 50, ingawa wanaume hawapendi kuambiwa. Nalo lina hatari yake, na hii naisema kwa nguvu: wapo wanaoligeuza kuwa kisingizio. "Anza tu, hamu itakuja." Hapana. Duara huanzia kwenye ndiyo ya mtu aliyeamua kwa hiari kusogea. Anayesukumwa hayumo ndani ya duara lolote, na mwili wake hujifunza kuogopa.

Sisi wa Dodoma tuna mfano wetu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, nyumba nyingi zimegawanyika: mmoja Mtumba ofisini, mwingine Dar na watoto. Treni ya SGR iliyoanza kutufikia mwaka 2024 imefupisha njia, lakini haijaondoa tatizo ninalolizungumzia. Ijumaa usiku mume anashuka stesheni akiwa na ngazi. Amekuwa akiliwaza jambo hilo tangu Morogoro. Mke amemaliza kufua sare, kupika, kulaza watoto. Yeye yuko kwenye duara, na duara lake bado halijaanza. Mume anaona amepokewa baridi. Mke anaona amevamiwa. Wote wawili wanapendana. Wanaonisikiliza nawaambia: Ijumaa kaeni, kuleni, ongeeni, lalianeni kifuani tu. Jumamosi asubuhi wote wawili mtakuwa ramani moja. Na mume akimaliza haraka baada ya wiki tatu za upweke, hiyo ni kawaida ya mwili, si ugonjwa.

Kinembe, uke, au vyote viwili

Katika mambo yote ya kuchagua, hili ndilo limewaliza wanawake wengi bure.

Mwaka 1905 Sigmund Freud wa Vienna aliandika kwamba msichana anapokuwa mwanamke kamili, utamu huhama kutoka kwenye kinembe kwenda ukeni. Hakuwa amepima chochote. Lakini neno lake lilisafiri, na nimelisikia kwa masikio yangu likisemwa na kungwi wa hapa ambaye hajawahi kumsikia Freud: "Mwanamke mzima hafiki kwa nje, hiyo ni michezo ya wasichana." Binti aliyeambiwa hivyo anaingia kwenye ndoa akijua tayari kwamba amefeli.

Mwaka 1998 Helen O'Connell, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo huko Australia, alichapisha uchunguzi wa mwili uliorekebisha michoro ya vitabu. Kinembe tunachokiona ni ncha tu. Kwa ndani kina shina, kina miguu miwili yenye urefu wa sentimita 5 hadi 9 inayoshuka kila upande, na kina vifundo vya nyama laini vinavyojaa damu vikiukumbatia uke na mrija wa mkojo. Kwa hiyo mwanamke anayefika kwa kuingiliwa, mara nyingi kinembe chake kimeguswa kwa ndani. Hakuna vilele viwili vinavyogombea ukuu.

Tukilinganisha kwa takwimu: mwaka 2018 watafiti walichapisha majibu ya wanawake 1,055 wa Marekani. Asilimia 18 hivi tu walisema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha. Asilimia 37 hivi walisema ni lazima kinembe kiguswe. Na wengine asilimia 36 walisema si lazima, ila kikiguswa raha huwa bora zaidi. Ni wanawake wa Marekani, si wa Makole wala Mpwapwa, lakini mishipa ya fahamu ni ileile.

Njia ya kuingilia peke yake ina uzuri wake wa ukaribu, na ndiyo njia ya mtoto. Kama inakufikisha, huna cha kubadilisha. Njia ya kinembe kwa mkono ni ya uhakika zaidi kwa wanawake walio wengi, na ndiyo ninayomshauri mwanamke ambaye hajawahi kufika aanze nayo. Aanze hata peke yake, ajue mwili wake kabla hajamfundisha mtu mwingine. Wengine dini na malezi yao hayawaruhusu kufanya hivyo peke yao. Hao nawaambia wafanye pamoja na mume, mkono wa mke juu ya mkono wa mume. Njia ya pamoja, yaani kuingilia huku kinembe kikiguswa, ndiyo ninayoiegemea kwa wanandoa wengi. Wahaya wa Kagera walilijua hilo zamani. Katerero yao, yaani kuchezesha uume kwenye kinembe, ambayo vijana wanaifanyia mzaha, ni elimu ya kinembe iliyohifadhiwa na watu ambao hawakuwa na maabara.

Kuhusu nguvu: anza taratibu, kando ya ncha, na uteute uwepo. Kinembe kikavu kikisuguliwa kinauma. Mama anayenyonyesha na mama aliyekoma hedhi huwa wakavu kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, wala si kwa sababu hawampendi mume. Vilainishi vya maji vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Mafuta ya nazi na vaselini vinaharibu kondomu za mpira, kwa hiyo anayetumia kondomu asivitumie. Na shabu ile ya kubana uke, naomba iachwe. Inakausha, inachubua, na michubuko ni mlango wa maambukizi.

Jambo jingine linalonisaidia kuwaondoa wanawake hatia: utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 52,000 wa Marekani, uliochapishwa miaka ya 2017 na 2018, ulikuta asilimia 95 ya wanaume wenye wapenzi wa kike husema kwa kawaida hufika. Wanawake wenye wapenzi wa kiume walikuwa asilimia 65. Wanawake wenye wapenzi wa kike walikuwa asilimia 86. Weka maoni yako pembeni kidogo, utazame hesabu. Kama mwili wa mwanamke ungekuwa mgumu kwa asili, idadi hiyo ya mwisho isingepanda hivyo. Tofauti inatoka kwenye kinachofanyika na muda unaotolewa.

Kwa waliokeketwa

Siwezi kuandika haya nikiwa Dodoma nikanyamazia hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa wetu, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Wengi wa mama zetu walikatwa wakiambiwa ni tiba ya lawalawa, ugonjwa wa kuwashwa ukeni ambao kwa kweli hutibika kwa usafi na dawa.

Mama mmoja wa Chamwino, ana wajukuu, aliniuliza: "Mwanangu, mimi si nilishakatwa? Hiyo raha itatoka wapi?" Nikamchorea kwenye karatasi nilichokieleza hapo juu: kilichokatwa ni sehemu ya nje, na sehemu kubwa ya kinembe ipo ndani na haikuguswa. Wanawake wengi waliokeketwa hufika. Huchukua muda zaidi, na njia yao inaweza kuwa tofauti: mgandamizo mpana wa kiganja badala ya ncha ya kidole, kuta za mbele za uke, matiti, shingo. Mwenye kovu linalouma au uvimbe aonwe na daktari wa wanawake, kwa kuwa hilo linatibika. Yule mama aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga pesa.

Upande wa wanaume: mvua na kiangazi

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Ikinyesha Desemba hadi Aprili, basi, ardhi inapumzika. Pwani wana vuli na masika. Ndivyo ninavyowaeleza wanandoa. Mwanaume akishafika ana kiangazi chake: dakika kadhaa kwa kijana, saa nyingi au siku nzima kwa mtu mzima, ambapo mwili haupokei tena. Wanawake wengi hawana kiangazi cha lazima, na wengine hufika mara mbili au tatu mfululizo wakiendelea kuguswa. Wengine mara moja inawatosha, na ncha ya kinembe ikiguswa tena inawakera. Mabao si mashindano ya Simba na Yanga.

Kufika na kumwaga navyo ni vitu viwili, ingawa kwa mwanaume huja pamoja. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, au anayetumia tamsulosini, dawa ya tezi dume, anaweza kufika bila shahawa kutoka, au shahawa zikarudi kwenye kibofu. Haina madhara, isipokuwa kwa anayetafuta mtoto. Mke asiyejua hudhani mume amemalizia nje ya nyumba.

Na muda? Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wanandoa 500 wa Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Wake walishika saa ya kupimia kuanzia kuingiliwa hadi mume kumwaga. Mtu wa katikati alikuwa na dakika 5.4. Kulikuwa na wa nusu dakika na wa dakika 44. Kwa hiyo kaka yangu wa dakika sita unayetafuta dawa, huna ugonjwa. Anayehitaji tiba ni yule ambaye tangu mwanzo humaliza ndani ya dakika moja hivi, hawezi kujizuia, na jambo hilo linamtesa.

Baina ya dawa na mazoezi, mimi naanza na mazoezi: simama ukikaribia, pumua, ukitulia endelea, rudia mara tatu nne. Halafu kuna njia rahisi zaidi ambayo wanaume huisahau: mfikishe mke kwanza, kwa mkono, ndipo dakika zako sita ziwe ziada. Presha yote inashuka. Vumbi la Kongo na unga mwingine usio na lebo sishauri kabisa, hujui kilichomo. Hata sildenafili halali, dawa ya kusimamisha uume, ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, hushusha presha ghafla na inaweza kuua. Uume ukianza kulegea kwa mtu wa miaka 45, pima sukari na presha kabla hujanunua chochote, maana mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya mwanzo.

Kufika pamoja au kwa zamu

Kwa zamu. Kufika sekunde moja ni bahati njema ikitokea, lakini ukiifanya kuwa kipimo mmoja atakimbia na mwingine atajizuia, na wote watakosa.

Maji mengi au machache

Siku hizi wanaume wanaona video kwenye simu na wanadai maji. Binti mmoja alikuja amefukuzwa kitandani kwa sababu "hakojoi". Uchunguzi wa Ufaransa uliotumia mashine ya ultrasaundi ulionyesha kwamba maji mengi yanayoruka hutoka kwenye kibofu, pengine yakichanganyika na uteute wa tezi ndogo zilizo kando ya mrija wa mkojo. Yanaweza kutoka bila kufika, na mtu anaweza kufika sana bila tone. Kwa hiyo maji hayapimi raha wala mapenzi.

Ila neno letu la mtaani, kukojoa, linatuletea shida ya kweli. Mwanamke akikaribia kileleni mara nyingi huhisi kama anabanwa na haja ndogo. Kwa kuwa amelelewa kuogopa kulowesha kitanda, anajibana, na palepale kilele kinapotea. Dawa yake ni nyepesi: nenda msalani kabla, tandika khanga au taulo, na hisia hiyo ikija iachie.

Kuigiza au kusema

Nimeishi pande zote mbili, kwa hiyo nalinganisha kwa uzoefu. Kwenye kicheni pati yangu niliambiwa mwanamke haombi. Niliigiza miaka tisa. Faida ya kuigiza ni amani ya usiku ule: mume analala akiwa na furaha, wewe unageukia ukutani. Hasara ni kwamba kila ukiigiza unampongeza kwa njia isiyokufikisha, naye kesho atairudia kwa bidii zaidi. Nilimkasirikia mume wangu kwa kosa nililomfundisha mwenyewe, na hilo bado linaniuma.

Nilipomwambia, tulikuwa kwenye gari tukirudi kutoka Kondoa. Nilichagua gari kwa sababu mnatazama barabara, hamtazamani. Sikumwambia nimedanganya miaka tisa. Nilisema, "Kuna namna ningependa tujaribu, unishike hivi, taratibu, muda mrefu kuliko tulivyozoea." Alinyamaza hadi tukakaribia Haneti. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ungamo zito halihitajiki kila mara; maelekezo ya mbele yanatosha. Na msiyasemee kitandani mkiwa uchi, pale kila neno hupokewa kama lawama.

Uende kwa nani

Kungwi au somo mzuri anafaa kwa lugha, kujiamini, na usafi. Anajua maneno ambayo daktari hana. Mpime kwa jambo moja: akikufundisha kumfurahisha mume pekee na asiutaje mwili wako, tafuta mwingine. Viongozi wa dini wanafaa pale hofu ya dhambi ndiyo inayofunga mwili. Nimeona padri na shehe wakifungua mafundo ambayo mimi nilishindwa.

Hospitali ni ya yafuatayo, na hapa usisubiri: maumivu wakati wa tendo, damu baada ya tendo, ganzi, kilele kilichokuwepo kikapotea ghafla, kisukari, na dawa zinazochelewesha. Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na setralini, huchelewesha kilele au kukizuia kwa wanaume na wanawake. Usiziache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie, kwa kuwa dozi hubadilishwa na zipo dawa nyingine. Hospitali za Benjamin Mkapa na General hapa Dodoma zina madaktari bingwa, na ukitokea Kongwa au Bahi anza na kituo chako upewe rufaa.

Najua kinachowarudisha watu mlangoni ni dirisha la mapokezi, foleni nyuma yako, na karani anayeuliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" Huna deni la kujibu pale. Mwanamke aseme, "Naomba kumwona daktari wa wanawake." Mwanaume aseme, "Naomba daktari wa mfumo wa mkojo." Ukishaingia ndani na mlango umefungwa, na kama unaona haya kuanza, sema hivi hivi: "Daktari, tendo la ndoa halinifikishi, na nataka kujua kama ni mwili au ni njia." Sentensi hiyo nimewaandikia wengi kwenye kipande cha karatasi, wakaisoma tu, na daktari akaendelea kuanzia hapo.